Sauti ya Jikoni

Tarehe 9 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ngazi za jengo lenu bado hazijakushinda. Sisi hatujambo. Baba goti linamsumbua, ila mdomo haumsumbui hata kidogo. Ameniagiza nikukumbushe ile kofia yake uliyoondoka nayo. Mama amepaka jikoni rangi ya njano, na kila anayeingia anataka kuzima taa ambayo haijawashwa. Mdogo wangu amefaulu mtihani wa udereva, mara ya tatu, na sasa anatafuta sababu za kwenda dukani kununua hata kiberiti.

Umetufundisha kwamba simu ni ya kujuliana hali na jambo zito huandikwa. Ndiyo maana naandika.

Baba huwaambia watu kwamba natengeneza kompyuta hospitali kuu. Sitengenezi. Tunaifundisha kompyuta kusikiliza. Mtu huonyeshwa picha, akaeleza anachokiona kwa dakika chache. Programu yetu inasikiliza namna anavyosema: anaposita, neno analolizunguka badala ya kulitaja, sentensi anayoianza akaiacha njiani. Ugonjwa wa kusahau, ule uliomchukua Bibi, huingia kwenye maneno mapema, pengine miaka kabla watu wa nyumbani hawajaona kitu. Programu haitibu wala haitoi hukumu. Inasema tu: huyu aende akaangaliwe na daktari. Bibi hakupata wa kumwambia hivyo. Sisi tulishtuka alipoanza kuweka viatu kwenye sufuria.

Taabu ni kwamba programu ilifundishwa kwa lugha za wengine. Ukiiwekea Kiswahili inababaika. Mzee mmoja alisema "nanihii" kila baada ya pumzi, na programu ikaandika kwamba anamtaja sana mtu aitwaye Nanihii. Kwa hiyo tunakusanya sauti za wazee, wazima na wagonjwa, ili ijue mazungumzo yetu yalivyo mtu akiwa mzima, kabla ya kujua yanavyoharibika.

Nani ana sauti kama yako? Nakutumia kinasa sauti kidogo na bahasha ya picha. Kila mwezi chagua picha moja, ieleze kama inavyokujia bila kujiandaa, kisha chomoa ile kadi ndogo ya ndani inayohifadhi sauti, nimekuwekea kadhaa, unitumie kwa posta.

Mimi mwanao,
Kasuku

*

Tarehe 2 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mimi mzima. Ngazi nazipanda kwa awamu kama mradi wa serikali. Mwambie kaka yangu kwamba kofia yake ililiwa na nondo zamani sana, na nondo wenyewe waliumwa tumbo. Mpongeze mdogo wako. Aliyefaulu mara ya tatu anaijua barabara kuliko aliyemfundisha. Kuhusu rangi ya njano sina la kusema, maana nampenda mama yako.

Kifurushi kimefika. Kabla sijakifungua nilikishusha hadi dukani kwa fundi cherehani wa ghorofa ya chini. Yeye alikuja huku kwa njia tuliyokuja sisi wote, na ndiye mtu pekee katika mtaa huu ninayeweza kusema naye lugha yetu. Nikakiweka juu ya meza yake, katikati ya vitambaa.

"Unajua hiki nini? Binti wa kaka yangu anaifundisha mashine Kiswahili."

Akakigeuza-geuza. "Na heshima je? Mashine ikikutana na wewe itakuamkia?"

"Itaamkia. Imefundishwa na mtoto wa kwetu."

"Basi iulize kwa nini wateja wangu wanasema kesho na kuja mwezi ujao."

Alicheka yeye, nikacheka mimi, lakini nilipanda ngazi zile siku hiyo bila kupumzika. Wewe hukumbuki vizuri nilipokuwa redioni. Ulikuwa na miaka sita wenye bunduki walipoingia kituoni nami nikaondoka na begi moja. Unachokumbuka ni kusimama jikoni kwa Bibi umeshika mwiko mbele ya mdomo, ukisema "Hii ni taarifa ya habari" kwa sauti yangu hasa, hata pumzi zangu. Ndipo nikakuita Kasuku. Tangu nifike huku, sauti iliyokuwa ikiingia kila nyumba inatumika kuagiza mkate. Leo umeipa kazi tena.

Kadi hiyo hapo. Nimechagua picha ya fundi baiskeli, mteja anayetazama saa, na mbwa anayekimbia na pampu mdomoni. Kadi nyingine zitafuata.

Shangazi yako

*

Tarehe 28 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku mvua imetukumbuka. Paa la chumba cha Baba linavuja mahali pale pale, naye hataki fundi aguse kwa sababu ameshalizoea beseni. Mama anakusalimu na anasema kimya chako kuhusu rangi amekisikia.

Kadi zako zote zimefika. Ofisini kwetu jina la mtoa sauti halionekani, ni namba tu, lakini mkuu wa idara aliposikia yako alivua visikilizio akauliza, "Huyu ni nani?" Nikasema ni shangazi yangu. Nilivimba kichwa, mlango nikaupita kwa shida. Kwa kuwa ni damu yangu, kanuni zinataka sauti yako ishughulikiwe na mwenzangu, daktari wa kumbukumbu. Nimeruhusiwa kusikiliza tu. Programu haikuona kasoro yoyote. Umetupita idara nzima, na mimi nikiwemo.

Lakini Shangazi, kila sentensi yako inaisha. Pumzi zako zinalingana kama vigae. Mbwa anakimbia na pampu, na katika maelezo yako hata mbwa yule ana mwanzo, kiini na hitimisho. Na kwenye kadi hiyo hiyo, kabla tu ya mteja kutazama saa, nilisikia karatasi ikigeuzwa.

Nina sauti zako mbili masikioni. Moja ni ya redioni. Nyingine ni ya jikoni, ile uliyokuwa ukibishana nayo na Baba huku unamenya viazi, ikikatika, ikirudi, ikicheka katikati ya neno. Naomba ile ya jikoni. Usiandike kwanza.

Ni kwa ajili ya utafiti tu.

Mwanao,
Kasuku

*

Tarehe 19 Aprili

Kasuku,

Marahaba. Huku salama. Msalimie kila mtu.

Nilifundishwa kazi na mtu aliyetuambia kwamba hewani si mahali pa kutafutia maneno; utafute kabla hujaingia. Sijawahi kukaa mbele ya kinasa sauti mikono mitupu, na sitaanza sasa ili kuifurahisha mashine. Uliomba Kiswahili, nimekupa Kiswahili. Kama mnataka watu wa kubabaika, baba yako yupo hapo hapo na hahitaji kutumiwa kwa posta.

Na mdogo wako je? Ule mtihani wa udereva ameshaufanya? Mwambie asiogope.

Shangazi yako

*

Tarehe 11 Mei

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Baba amesikia ulivyosema juu yake na amefurahi sana; anasema huo ndio uthibitisho kwamba ni wewe mwenyewe unayeandika. Goti lake afadhali. Mdogo wangu alifaulu ule mtihani, Shangazi. Zile pongezi zako za Februari amezibandika ndani ya gari.

Nimeandika barua hii na kuichana, nikaandika tena. Hii utakayoipata ndiyo niliyoshindwa kuichana.

Nilikuambia ni kwa ajili ya utafiti tu. Si kweli. Jumapili moja mwezi wa Novemba tuliongea kwa simu, ukanieleza habari ya jirani aliyefungiwa nje na paka wake, nikacheka. Kabla hatujaagana ukanieleza tena, yote, na ukangoja nicheke. Nikacheka. Baadaye nilikaa kitandani nikijiuliza kwa nini nimecheka mara ya pili. Kinasa sauti nilikutumia baada ya hapo.

Unajua ilivyokuwa kwa Bibi? Hukuwepo, na hakuna aliyekueleza. Tulimjazia. Akisema "Niletee ile…" kuna mtu alishasema "miwani" na mwingine ameshaileta. Akianza hadithi, Baba aliimalizia. Tulidhani ni heshima na mapenzi, na ilikuwa hivyo kweli, lakini nyumba nzima ilikuwa imesimama kati yake na daktari. Alipofika hospitali hakukuwa na kitu alichoweza kuamua mwenyewe, hata nani alale naye chumba kimoja. Ndiyo maana nilisomea kazi hii.

Labda si kitu. Kuna uchovu, kuna masikio, kuna lugha kukaa bila kusemwa. Hata programu ikisema kitu, bado daktari anaweza kusema sicho. Lakini wewe unaniletea karatasi, na karatasi haiugui.

Sitaki kukujazia, Shangazi. Nataka kukusikiliza mpaka mwisho wa sentensi, hata ikichukua asubuhi nzima.

Mwanao,
Kasuku

*

Tarehe 24 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako haikuja Mei, wala Juni, na kwenye simu za Jumapili ukawa na haraka ya kunipa salamu na kukata. Juzi imekuja bahasha yenye mwandiko wako juu na kadi peke yake ndani, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha maua kilichopigwa cherehani pande zote nne. Nilikifumua kwa wembe, polepole, nisimwaibishe fundi wenu.

Nimeisikiliza. Ni picha ile ile ya fundi baiskeli. Maji yanachuruzika, kijiko kinagonga kikombe. Unasema mbwa amechukua ile, ile ya kujazia, nanihii, unaigeuza, unaisogelea, unaipoteza, mtu anacheka na wewe unamwambia, "Nyamaza wewe, inakuja." Haikuja. Ukaendelea bila hiyo, ukamsema mteja wa watu na saa yake mpaka nikamwonea huruma.

Ndiyo ile, Shangazi. Sijaisikia tangu nikiwa na miaka sita.

Nakuambia jambo hili wazi kwa sababu uliniambia mtangazaji hafichi habari. Mwenzangu ameipitisha kwenye programu, na safari hii imesema uende ukaangaliwe. Kisha ameisikiliza yeye mwenyewe, kama daktari wa kumbukumbu, na anasema hivyo hivyo. Haina maana kwamba ni ule ugonjwa. Ina maana usikae. Anwani ya kliniki iliyo karibu na wewe nimeiandika nyuma ya ukurasa huu, kwa herufi kubwa, na huko wanatarajia simu yako.

Baba hajui. Ni habari yako. Utaisoma wewe, au hutaisoma.

Mwanao,
Kasuku

*

Tarehe 14 Septemba

Kasuku wangu,

Marahaba, mwanangu. Nianze na habari za huku, maana utaratibu ni utaratibu. Ngazi bado nazipanda. Paka wa jirani amezaa, na nakujulisha mara moja tu. Nikikueleza tena kwenye simu, usicheke, niambie. Mwambie mdogo wako aendeshe polepole. Nimeshaelewa kwamba amefaulu.

Umesifu barua zangu miaka yote hii. Hukujua zinavyoandikwa siku hizi. Naandika na kamusi imefunguliwa kando, kama mtu anayevuka mto ameshika kamba. Ukurasa mmoja unachukua wiki. Nilijiambia ni kutu, lugha isiyosemwa hushika kutu kama bawaba. Lakini maneno ya lugha ya huku nayo yameanza kunikimbia, na hayo nayatumia kila siku.

Barua yako ya Mei niliiweka chini ya sinia nikajifanya nimeipoteza. Kisha siku moja nilikuwa dukani kwa fundi, amenipunguzia gauni, kuna uzi unaning'inia. Nilitaka mkasi. Mkasi ulikuwa mbele yangu, nauona. Nikasema, "Nipe hiyo nanihii."

Akaacha kukanyaga cherehani. "Haa! Leo taarifa ya habari ina nanihii!" Akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akaona sicheki.

"Imeanza lini, dada?"

"Mwaka jana."

"Na huyo mtoto wa mashine anajua?"

"Anajua ninachomsomea."

"Basi hajui kitu," akasema. Akakata uzi, akafunga duka mchana kweupe, akapanda ngazi nyuma yangu. Jikoni akazikuta karatasi zangu juu ya kiti, maelezo ya picha ijayo, yamesahihishwa kwa wino mwekundu, na alama mahali pa kuvuta pumzi. Akazikalia. Ndiyo, Kasuku, akaziketia na suruali yake yenye chaki. "Mimi sina mtihani," akasema. "Nieleze hiyo picha kama unanisengenyea mtu." Hicho ndicho ulichokisikia.

Ilinichukua wiki mbili kuitia kadi ile kwenye bahasha. Barua ya kuandamana nayo ilinishinda.

Kliniki nimekwenda. Fundi alinisindikiza, akamshonea mwuguzi kifungo kilichokuwa kinataka kudondoka. Daktari ni kijana mwenye subira. Alinipima kwa lugha ya huku, na kwa yetu kwa msaada wa mkalimani, wakanipiga picha ya kichwa, wakanitoa damu, nikarudi tena na tena. Ndio wenyewe, mwanangu. Ule wa mama yangu. Umekamatwa mwanzoni kabisa, daktari anasema ni wachache wanaofika kwake wakiwa wanaweza kumbishia namna nilivyombishia. Dawa aliyonipa haiponyi. Huenda ikaupunguzia mwendo. Sikulia pale. Nililia nyumbani, kisha nikapika, maana fundi alikuwa na njaa.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu nimeyaamua mwenyewe, kwa akili yangu, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Mama yangu hakupata nafasi hiyo. Wa kusema kwa niaba yangu nitakaposhindwa ni wewe, si baba yako. Yeye atanimalizia sentensi. Funguo za ziada anazo fundi. Na kadi zitaendelea kuja kila mwezi, bila karatasi. Nilimwuliza daktari kama sauti inayopungua ina faida kwa mashine yenu. Akasema ina faida kuliko sauti nzima, kwa sababu mtasikia njia yote, tangu mlangoni. Basi andikeni. Watu wetu watakaokuja baadaye wakisema "nanihii", mashine ijue ni ipi ya mazoea na ipi ya kuita daktari. Niliisomea nchi nzima habari na hakuna taarifa niliyoisoma iliyomfaa mtu kiasi hicho. Na aliyenipa kipindi hicho ni mtoto niliyemfundisha kushika mwiko.

Baba yako nitamwambia mwenyewe, kwa barua, na kofia mpya ndani ya kifurushi. Imeshonwa tayari.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Mwaka wa mwisho wa mama nilimpigia simu. Akasikiliza, akasema, "Sauti hii naijua. Wewe ni yule wa taarifa ya habari." Nikasema, "Ndiyo, Mama. Ndiye mimi." Sikumwambia kwamba ni mimi bintiye, maana nilimsikia akiwaita watu wa nyumbani waje waone amepigiwa simu na nani. Alikuwa na fahari sana. Nami nilikata simu nikiwa na fahari hiyo, hata kama ilikuja imechanganyika na mengine.

Basi siku ukija ukanikuta sikujui, usinitese kwa kuniuliza wewe nani. Nenda jikoni uchukue mwiko. Simama mbele yangu unisomee habari za nyumbani, goti la baba yako, rangi ya jiko, nani kafaulu na mara ya ngapi. Mimi nitamgeukia yeyote aliye karibu, nimwulize: "Huyu mtoto ni wa nani? Amefunzwa vizuri."

Barua hii nimeiandika kwa asubuhi moja, kamusi iko kabatini. Fundi alikuwa hapa anatundika .............. mapya dirishani, ya kitambaa kile kile cha maua. Nafasi hiyo nimeiacha kwa makusudi. Usinijazie.

Shangazi yako,
wa taarifa ya habari

Mapazia! Nilikuwa nimeshalamba gundi ya bahasha. Nimeifungua tena ili nikuambie: mapazia. Yamekuja yenyewe.